Msumari Mdomoni mwa Tangi

Kiwandani wengi wetu hatukulijua jina lake la kuzaliwa. Tulimwita Msumari, naye aliitika. Jina hilo alilipata siku ya mvua, tulipokuwa ndani ya tangi la sabuni tukikwangua ukoko ulioganda kwenye kuta. Mle ndani hatukujua kama nje kunanyesha. Tulisikia tu sauti yake ikitushukia kupitia tundu la juu, ileile ya siku zote, haina haraka: "Mko salama? Nijibuni mmoja mmoja." Tulipopanda tukamkuta amelowa chapachapa, maji yanamchuruzika kidevuni, viatu vimejaa kama ndoo, na pale karibu kabisa pana banda la bati ambako wenzetu wote walikuwa wamejibanza. Fundi umeme mmoja akamuuliza, "Dada, umepigiliwa hapo kwa msumari au?" Tukacheka mpaka mbavu zikauma, na jina likaganda.

Mimi ni fundi bomba. Kiwanda chetu kinakamua mafuta ya kupikia na kutengeneza sabuni, kwa hiyo kina matangi ya kila namna, mengine yamesimama, mengine yamezikwa chini ya ardhi, na yote hayo kuna siku yanahitaji mtu aingie ayasafishe. Tundu la kuingilia ni dogo, hewa ni ya kubahatisha, na ukipatwa na jambo hakuna dirisha la kurukia. Ndiyo maana sheria inataka kila wanapoingia watu, abaki mmoja nje, mdomoni mwa tangi, kazi yake ikiwa ni hao walio ndani tu. Haondoki mpaka apokelewe na mwenzake. Hashiki kazi nyingine. Na hata iweje, haingii.

Ukimtazama mtu wa namna hiyo kwa mbali utadhani analipwa kwa kusimama. Wapakiaji walikuwa wakimtania sana. "Msumari, leo unalinda shimo lisiibiwe?" Yeye hakuwa mtu wa kununa. Aliwajibu bila kuwageukia, macho yako tunduni: "Shimo haliibiwi, wanangu. Linaiba." Siku moja msimamizi mwenyewe, ana haraka zake, alimwagiza spana stoo. Msumari akamwambia kwa adabu, "Bosi, nitakwenda, ila kwanza watoe hawa." Msimamizi akaguna, akaifuata spana mwenyewe, na tangu siku hiyo hakumwagiza tena hata kijiko.

Jambo lililonifanya nimpende ni maneno yake. Walinzi wengine wa nje niliowahi kufanya nao kazi waliita mara mojamoja, "Vipi humo?" ukajibu "Poa," basi. Msumari alitaka mazungumzo. Alituuliza mke kasema nini asubuhi, timu gani imefungwa, mtoto anayeota meno amelala vipi. Mwanzoni nilidhani ni umbea. Nilipomuuliza akaniambia, "Neno 'poa' hata mtu anayezimia analiweza. Nataka kusikia akili, si mdomo." Kumbe hewa ikimwishia mtu, kabla hajaanguka, ulimi huanza kwenda segemnege. Anarudia maneno, anacheka pasipochekesha, na mwenyewe hajijui. Kwa hiyo dada huyu alisimama juani akitega sikio, akipima sauti zetu kama mama anavyopima joto la mtoto kwa kiganja.

Ndani ya kiwanda hicho alikuwa na ndugu zake wawili. Kaka yake mkubwa alikuwa dereva wa folklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, mtu wa misuli na maneno machache. Mdogo wao, kitinda mimba, alikuwa msafishaji wa matangi, nasi tulimwita Redio kwa sababu tangu anaingia getini mpaka anatoka mdomo wake haukuwa na breki. Msumari ndiye aliyemlea. Mama yao alikuwa dobi, anashinda kwenye makaro ya watu, na huyu dada, naye akiwa bado mtoto, alikuwa akimfunga mdogo wake mgongoni kwa kitenge na kucheza naye hivyohivyo uwanjani. Redio alikuwa akisimulia kwamba alijifunza kutembea akiwa amechelewa, maana miguu ya dada yake ilikuwa ikimtosha.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Jua lilikuwa kali, uwanja wa nyuma wa kiwanda unang'aa kwa zege jeupe. Mimi na Redio tulipangiwa tangi la kutuamishia mabaki ya mafuta, lile lililozikwa chini. Mdomo wake ni duara la chuma ambalo mtu mnene hulipita kwa kujikunja. Ndani linagawanywa na ukuta, na kwenye ukuta kuna uwazi wa kupita kwa kuinama kwenda chumba cha pili. Chini kuna matope ya mafuta, na matope hayo yakikaa yanaoza. Yakivurugwa yanaachia hewa ya kumwangusha mtu kabla hajapiga chafya.

Msumari alifanya kila kitu kama ilivyo desturi yake. Aliteremsha kipima hewa kwa uzi, juu, katikati, chini, akasoma, akasubiri, akasoma tena. Alihakikisha feni inasukuma hewa safi kupitia bomba lake pana la turubai. Juu ya mdomo ilisimama miguu mitatu ya chuma yenye winchi mbili za kuvutia watu juu, kila moja na kamba yake. Alituvuta mikanda ya mabegani mpaka tukalalamika.

"Dada, unanikaba," Redio alisema.

"Nikikukaba utapiga kelele. Nikikuachia hutapiga. Ingia."

Tukashuka. Kipima hewa kidogo kilikuwa kifuani kwangu. Mimi nikabaki chumba cha kwanza, chini ya mdomo, nikijaza ndoo. Redio akapenya kwenda chumba cha pili kuvunja matope yaliyoganda pembeni. Nilimsikia akilaani kamba inayonasa kwenye ukingo wa ukuta.

"Kamba iko mwilini?" Msumari aliuliza kutoka juu.

"Iko, dada!"

Haikuwepo. Alikuwa ameshaifungua. Lakini yeye kule juu hakuweza kuona nyuma ya ukuta, wala mimi.

Redio akaanza kusimulia. Ilikuwa ni habari ya fundi cherehani mmoja aliyemshonea bwana harusi suruali usiku wa manane, macho yamejaa usingizi. "Bwana harusi anaamka, anaivaa, anatafuta zipu. Kumbe zipu iko nyuma!" Mimi nilicheka mpaka nikaweka ndoo chini. Juu kule nikamsikia Msumari naye anacheka. Koleo la Redio likagonga kitu kigumu, likazama, nikasikia matope yakibubujika.

"Zipu iko nyuma," Redio akasema tena.

"Umeshasema," dada yake akamjibu. "Bwana harusi akafanyaje?"

"Zipu... iko nyuma." Akacheka kicheko kirefu, cha chini, kisicho na mwenyewe.

Mimi sikuona ubaya. Nilidhani ni utani wake. Kipima hewa kifuani kwangu kilikuwa kimya kama jiwe. Lakini sauti ya Msumari ilibadilika, ikawa kama mlango unaobamizwa.

"Tokeni! Wote wawili, sasa hivi!"

Hapo ndipo kipima hewa kikaanza kulia. Nilisikia mwili ukianguka nyuma ya ukuta. Nikageuka kumfuata, na naapa nilikuwa nimeshainama kwenye ule uwazi, maana kuna mtu gani angefanya vingine? Kamba ikanikatalia. Ilinivuta mgongo, miguu ikaachana na sakafu, nikaanza kupanda nikipiga mateke kama samaki kwenye ndoana, huku namtukana aliyekuwa akizungusha winchi. King'ora kilikuwa kimeshaanza kulia kiwanda kizima.

Nilitupwa juu ya zege. Macho yaliniwaka moto, nikawa nakohoa na kutapika, lakini nilikuwa naona. Niliyoyaona hapo ndiyo yanayonifanya nisimulie habari hizi.

Msumari alishika winchi ya pili na kuanza kuivuta kamba ya mdogo wake. Winchi ilizunguka kwa wepesi. Alijua papo hapo. Mikono yake haikusimama, ila uso wake ulikauka, kama nguo inavyokauka juani. Kikaja juu kiungio cha chuma kitupu, kinaning'inia, kimepakaa matope.

Kaka yake aliruka kutoka kwenye folklifti ikiwa bado inaunguruma. Alikimbia moja kwa moja kuelekea tunduni, anavua shati.

"Nani yumo?"

"Redio."

"Nipishe!"

"Kaka, huingii."

"Nimesema nipishe!"

"Zimamoto wanakuja na mitungi ya hewa. Ukiingia hivyo, nitakuwa na wawili mle."

"Ni mdogo wetu!"

"Najua ni nani."

Akamsukuma. Yule mwanamke si mkubwa, alianguka kwa magoti, lakini aliinuka ameshika mguu wa chuma kwa mkono mmoja na mkanda wa suruali ya kaka yake kwa mwingine, akapanua miguu pande zote mbili za tundu. Wapakiaji walikuwa wameshajaa. Mmoja akapiga kelele, "Mwacheni mtu aingie! Mnamwacha afe?" Mwingine akamwita Msumari mchawi. Msumari alimsogelea kaka yake usoni, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo mimi nilikuwa karibu kiasi cha kuisikia:

"Unataka kumsaidia? Shika hili bomba la feni. Lala kifudifudi hapa, kichwa kibaki nje, ulisukume ndani mpaka upande wa kulia, lipite ule uwazi. Hewa imfikie. Mikono yako mirefu kuliko yangu. Haya, kaka. Haya."

Yule jitu la mtu akalitupa shati pembeni. Kisha akalala chini juu ya zege lililochomwa na jua, kifua wazi, akaanza kulisukuma bomba huku akilia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Msumari alimshika mkanda wakati wote, asije akateleza akaingia, au asije akabadili mawazo. Na wakati huohuo alikuwa akimsemesha Redio. "Niko hapa. Hewa hiyo inakuja, ivute. Niko hapa, sijaondoka." Hakuna aliyemjibu, lakini hakunyamaza.

Kikosi cha zimamoto cha kiwanda kilifika kinakimbia. Msumari akawaeleza kwa maneno machache: mtu mmoja, hana kamba, chumba cha pili, mkono wa kulia ukishapita ukuta, hewa imechafuka. Hawakupoteza muda kutafuta. Wawili walishuka na mitungi mgongoni, na sisi tuliokuwa juu tukawa tunapumua kwa ajili yao. Redio alipotokeza tunduni alikuwa na midomo ya rangi ya majivu. Mkuu wa kikosi alimwinamia, akaweka sikio kifuani. "Moyo upo," akasema. "Mwahisheni, mwahisheni!"

Gari la wagonjwa likawasha taa. Kaka yake akaruka ndani. Aliita, "Njoo!" Msumari alitazama gari, akatazama tundu. Mwokoaji mmoja alikuwa bado ndani, anakusanya vifaa vyake. "Nendeni," akasema. Gari likaondoka na mdogo wake, yeye akabaki amesimama mpaka yule wa mwisho alipotoka na mfuniko ukafungwa. Baada ya hapo alitembea hadi nyuma ya banda la bati, akakaa chini. Mkuu wa kikosi alimfuata na maji. Baadaye aliniambia mimi, "Kazi hii nimeifanya miaka mingi. Mara nyingi nikifika nakuta wa kwanza yuko chini, na juu yake kuna waliomfuata. Leo nimekuta mmoja. Mmoja tu." Alilirudia neno hilo kama mtu asiyeliamini.

Hospitalini hakupokelewa hivyo. Mimi nilikuwa nimewekwa kitandani kwa uangalizi, mlango uko wazi, na kwenye benchi la koridoni alikaa mama yao, mikono mikubwa ya udobi imelala mapajani. Msumari alifika na nguo zilezile za kazi. Mama hakuinuka.

"Kaka yako kaniambia alitaka kuingia."

"Ndiyo, mama."

"Ukamzuia."

"Nilimzuia."

"Na wewe mwenyewe? Ulisimama tu?"

Msumari akavua kofia yake ya kazi.

"Nilikupa umbebe ukiwa huna hata kimo," mama alisema. "Hukuwahi kuniangushia mtoto. Leo umesimama, unamtazama. Hata kwenye gari hukupanda."

Msumari alikaa mwisho wa benchi, mbali na mama yake, akakaa hapo mpaka madaktari walipokuja kusema kijana yuko hai lakini hajazinduka.

Redio alizinduka baada ya siku kadhaa. Maneno yalimtoka mojamoja, mazito, kama anayatoa kisimani. Miguu nayo ilikuwa haimtii vizuri. Msumari alikuwa akija kila akitoka kazini, anamkanda miguu, anamnyoa ndevu. Mama akiwa pale alikuwa akijigeuza upande wa ukuta. Waliweza kukaa chumba kimoja jioni nzima wakimsemesha mgonjwa, kila mmoja kwa zamu, bila kusemeshana.

Aliyelivunja jambo hilo ni wifi, mke wa yule kaka dereva. Ni mwanamke mpole, anayejulikana kwa kukubali kila kitu. Siku hiyo tulikuwa tumekwenda nyumbani kwa mama kumjulia hali Redio, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, sebule imejaa, pasi ya mkaa inapoa mlangoni, nguo za watu zimekunjwa mpaka juu ya televisheni. Mtu mmoja wa mtaani akasema maneno yaleyale, kwamba siku hizi hata ndugu wa damu anakutazama unakufa. Msumari alikuwa jikoni, alisikia. Wifi akaiweka chini sinia aliyoshika.

"Mama, nisamehe, nitasema," alisema. "Mume wangu ananiambia kila usiku anaota anaingia kwenye lile shimo. Anaingia, hatoki. Anaamka amelowa jasho, anawashika watoto kichwa mmoja mmoja. Wifi yangu angempisha siku ile, leo mngekuwa mmenifunga kitambaa cheupe cha ujane mimi. Mnamsema aliyesimama. Mimi kila nikimsikia mume wangu anakoroma, namwombea aliyesimama."

Mama alichukua shati moja kwenye zile nguo zilizokunjwa, akalikunjua, akaanza kulikunja upya.

Wiki iliyofuata alikuja kiwandani. Hakumwambia mtu. Mlinzi wa getini aliniita mimi, nami nikamwomba msimamizi ruhusa, akakubali bila hata kuuliza sababu. Ilibidi avae kofia ya kinga, akaivaa juu ya kilemba chake, ikakaa upande kama sufuria juu ya jiwe. Nilimpeleka uwanja wa nyuma. Msumari alikuwa hana kazi ya tangi siku hiyo, alikuwa anaosha mikanda. Alipomwona mama yake aliinuka taratibu, sabuni inamchuruzika mikononi.

"Nionyeshe," mama alisema.

Wakaenda hadi kwenye mfuniko. Mama aliinama, akautazama upana wa lile duara, akalipima kwa mikono yake miwili, akanusa. Harufu ya matope yale haiishi hata tundu likifungwa. Akarudisha uso nyuma.

"Alikuwa wapi?"

Msumari akaonyesha kwa kidole, chini ya zege, kulia. "Huko. Nyuma ya ukuta. Sikuwa namwona."

"Na wewe ulisimama wapi?"

"Hapo ulipo."

Mama akatazama miguu yake. Akasogea kidogo, akairekebisha, akasimama sawasawa na mfuniko, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake. Jua lilikuwa limepanda, zege linatupa joto usoni. Alikaa hivyo kitambo, amekaza macho kwenye chuma. Mimi nilirudi nyuma, lakini sikuondoka.

"Alikuwa anakuita?" aliuliza.

"Hapana. Alikuwa amenyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa namwita."

"Muda wote?"

"Muda wote, mama."

Mama akatikisa kichwa polepole. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka chini ya kofia. Alijipangusa kwa ncha ya kanga, akamgeukia binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaona anamtazama usoni, anamkagua, kama mtu anayemkagua mtoto aliyetoka safari ndefu.

"Na jua lilikuwa hivihivi?"

"Lilizidi."

"Kuna mtu alikupa maji?"

"Baadaye," Msumari alijibu, "mfuniko ulipokwisha kufungwa." Mama akamshika mkono uleule wenye sabuni, akamvuta kuelekea kivulini, akiniambia mimi bila kugeuka, "Baba, tafadhali, tuletee maji ya kunywa, huyu mwanangu amesimama sana."